Karatasi Mbili

Watu wengi hudhani kwamba kazi ngumu ya rubani ni kuipandisha ndege angani. Ndege ndogo yenye injini nzima na mwendo wa kutosha hutaka kupaa yenyewe, na rubani kazi yake wakati huo ni kuizuia tu isiende kombo. Ugumu uko katika kurudi chini. Mimi nilijifunza jambo hili mwaka 1983 katika uwanja wa Wilson, Nairobi, asubuhi moja ya mwezi wa Februari, nilipoivunja ndege ya watu mbele ya mashahidi wasiopungua ishirini. Nimekaa na kisa hiki miaka mingi bila kukiandika. Ninakiandika sasa kwa sababu sehemu yake iliyo mbaya zaidi haikutokea uwanjani. Ilitokea ofisini, juu ya karatasi, saa nane mchana wa siku hiyo hiyo.

Uwanja wa Wilson una historia ndefu kuliko nchi yenyewe. Mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 pamoja na rubani Tom Campbell Black, na uwanja huo ulioitwa Nairobi West ukawa makao yao. Jina la Wilson uwanja uliopewa mwaka 1962 ni ukumbusho wa mama huyo. Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Mwanafunzi huyo, mwezi wa Septemba 1936, aliivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, na safari yake ikaishia kwenye kinamasi cha Nova Scotia nchini Kanada, pua ya ndege ikiwa imezama matopeni. Sisi wanafunzi tulikipenda sana kisa hicho. Tulikumbuka bahari, tukasahau matope.

Ndege niliyojifunzia ilikuwa Cessna 150, yenye viti viwili vya kukaa bega kwa bega na injini ya nguvu za farasi 100. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 1977 zilikuwa zimeundwa zaidi ya 23,000. Ndege nyingi za mafunzo za zamani zilikuwa na gurudumu dogo mkiani, na zilipotua zilipenda kugeuka ghafla na kumshangaza mwanafunzi. Cessna 150 ilikuwa na gurudumu la mbele badala ya lile la mkiani, na hilo likarahisisha mambo mengi. Lakini kila urahisi una bei yake. Magurudumu mawili makubwa chini ya mabawa ndiyo mabega ya ndege hiyo, ndiyo yanayobeba uzito wa kutua. Gurudumu la mbele ni kama fimbo ya kipofu: kazi yake ni kuongoza njia. Ukiiegemea kwa uzito wako wote, itavunjika.

Tena Nairobi haiko pwani. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani hupima msukumo wa hewa, haipimi jinsi ardhi inavyokimbia chini. Kwa hiyo ndege inayosoma kilomita 110 kwa saa ikikaribia kutua, kwa kweli inakwenda kasi zaidi ya hapo kwa kiasi cha asilimia 10, na siku ya jua kali huzidi. Mwanafunzi anaona lami ikimkimbilia, anaingiwa na hofu, na hofu humfanya atake kuigusa ardhi mapema ili mambo yaishe.

Hilo ndilo lililonipata. Nilikuwa na saa 19 za kuruka, na mwalimu wangu alikuwa amekwisha kuniruhusu kuruka peke yangu mara mbili. Siku hiyo nilitakiwa kuzunguka uwanja mara tatu na kutua mara tatu. Mara mbili za kwanza zilikwenda salama. Mara ya tatu nilifika juu ya njia ya kurukia nikiwa na kasi kubwa mno, na nililiona hilo. Nataka msomaji alishike neno hili: nililiona. Sindano ilikuwa mbele ya macho yangu, nayo haikuwa imefichwa na kitu chochote. Lakini nyuma yangu kulikuwa na ndege nyingine inayosubiri kutua, na kando ya banda la ndege walikuwa wamesimama wanafunzi wenzangu, na nikaona haya kusukuma moto wa injini mpaka mwisho na kupaa upya kama mtu aliyeshindwa. Nikaisukuma ndege chini.

Ndege yenye mwendo mwingi bado mabawa yake yanataka kubeba. Gurudumu la mbele likagusa kwanza, pua ikarushwa juu, na ndege ikaruka tena hewani kama mpira. Akili ya kawaida humwambia mtu: pua imepanda, ishushe. Nikaishusha. Ikagonga mara ya pili kwa nguvu zaidi, ikaruka juu zaidi. Kila mwalimu wa urubani duniani humwambia mwanafunzi wake kwamba hapo hakuna dawa ila moja, kufungua injini yote na kuondoka, kwa kuwa ukipigana na ndege inayorukaruka utakuwa nyuma yake daima. Niliambiwa. Niliandika hata daftarini. Mgongo wa tatu wa ndege ile ulipoteremka, mguu wa gurudumu la mbele ukakatika, panga la mbele likala lami, na ndege ikaburuta kifua chake hadi kwenye majani. Kisha kukawa kimya, na harufu ya petroli.

Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa fundi, mzee mmoja mtu wa Mombasa ambaye sote tulimwita Fundi tu, ingawa mafundi walikuwa watatu. Alikuja mbio akihema. Hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Umezima swichi, mwanangu?" Nilikuwa sijazima. Akapitisha mkono dirishani akazima yeye, akafunga mafuta, kisha ndipo akanishika mkono kunitoa.

Mchana nikaitwa ofisini kuandika maelezo. Hapo ni lazima niseme habari za fedha. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Taita. Ili nijifunze urubani aliuza ng'ombe wanne na kuchukua mkopo katika chama cha ushirika cha walimu. Mkataba niliotia sahihi na shule ile ya urubani ulisema kwamba ajali ikitokana na kosa la mwanafunzi, sehemu ya gharama ambayo bima hailipi ataibeba mwanafunzi. Nilikaa na kalamu mkononi, nikaona ng'ombe wa baba wanapita. Mwanafunzi mmoja wa mbele yangu aliyenizidi kwa saa nyingi alikuwa ameninong'oneza mlangoni: "Sema mguu ulikuwa unacheza." Nikaandika kwamba upepo ulibadilika ghafla, na kwamba tangu nilipoondoka nilihisi gurudumu la mbele likitetemeka isivyo kawaida.

Sentensi mbili. Ya kwanza haikumdhuru mtu, maana upepo hauna mke wala watoto. Ya pili ilikuwa na mwenyewe. Aliyekuwa ametia sahihi kwamba gurudumu lile ni zima, jioni iliyotangulia, alikuwa Fundi.

Kesho yake asubuhi niliona Fundi akitoka langoni akiwa amebeba kisanduku chake cha spana na bisibisi. Kilikuwa mali yake mwenyewe. Aliambiwa akae nyumbani bila mshahara mpaka mkaguzi wa serikali atakapofika. Alinisalimu kama kawaida, "Hujambo, mwanangu, hukuumia?" nami nikajibu "Sijambo, Mzee, sikuumia," nikatazama chini.

Miaka iliyofuata nilisoma sana historia ya urubani, na nakiri kwamba nilikuwa nikitafuta mwenzangu. Nilitaka kujua wengine walifanya nini walipovunja ndege na kutakiwa kueleza. Nitawataja watatu.

Wa kwanza ni Wilbur Wright. Dunia inakumbuka tarehe 17 Desemba 1903, siku ambayo Orville Wright aliruka kwa sekunde 12 na kwenda futi 120 huko North Carolina, Marekani. Ni wachache wanaokumbuka tarehe 14, siku tatu kabla. Ndugu hao wawili walirusha sarafu kuamua nani atangulie, na Wilbur akashinda. Ndege ilipoachia reli aliinua pua kupita kiasi, mabawa yakaishiwa nguvu ya kubeba, na baada ya sekunde tatu na nusu ikapiga mchanga na kuvunjika sehemu za mbele. Basi tazama: miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya ndege yenye injini iliyofanikiwa, mwanzo wake ulikuwa ajali ya mwanafunzi, maana wakati huo duniani hapakuwa na mwalimu. Wilbur angeweza kulaumu upepo, reli, au injini waliyojitengenezea wenyewe. Aliwaandikia watu wa nyumbani kwao kwamba mtambo ulifanya kazi vizuri na kosa lilikuwa lake katika kuuongoza. Kwa kuwa alisema hivyo, hawakupoteza siku wakitengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Walirekebisha kilichovunjika, wakarudi uwanjani.

Wa pili ni Mwingereza, Robert Smith-Barry. Mwezi wa Agosti 1914, vita vikuu vya kwanza vilipoanza, ndege yake ilianguka Ufaransa akavunjika miguu yote miwili. Aliporudi vitani akawa mkuu wa kikosi, na akaona vijana wanaletwa kwake wakiwa hawajui kurusha ndege hata kidogo, na wanakufa kabla ya kumwona adui. Aliandika barua kwa wakubwa bila kukoma, mpaka wakampa shule aiongoze mwenyewe, huko Gosport, kusini mwa Uingereza, mwaka 1917. Kabla yake desturi ya walimu wengi ilikuwa kumkataza mwanafunzi asikaribie hatari. Smith-Barry alichukua ndege za Avro 504 zenye usukani mbili, akaweka mpira wa kupitisha sauti kati ya mwalimu na mwanafunzi, na akaagiza kwamba mwanafunzi apelekwe kwenye hatari makusudi, ndege izungushwe, itue katika upepo wa ubavuni, iharibikiwe mwendo, naye afundishwe kutoka. Wazo lake lilikuwa kwamba kosa ni somo, na somo halifundishiki likifichwa. Mafunzo ya urubani ya leo, Wilson na kwingineko, ni watoto wa Gosport.

Wa tatu ni wa huku kwetu kwa namna fulani. Roald Dahl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto, alikuwa kijana wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam na alijua Kiswahili. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza, akajifunzia hapo katika ndege ndogo ya Tiger Moth iliyo wazi juu, ingawa urefu wake wa futi 6 na inchi 6 haukuifaa. Tarehe 19 Septemba 1940, akiwa amekwisha kuhitimu, alitumwa kupeleka ndege ya kivita ya Gladiator kwenye kiwanja cha jangwani upande wa Misri unaopakana na Libya. Hakukiona kiwanja. Jua likawa linakuchwa, mafuta yanakwisha, akalazimika kutua mchangani. Ndege ikagonga jiwe, ikawaka moto, naye akatoka na fuvu la kichwa lililopasuka na macho yasiyoona kwa majuma kadhaa.

Mwaka 1942 kisa hicho kilitokea katika jarida la Saturday Evening Post la Marekani, kwa kichwa kilichosema kwamba alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa na mtu. Baadaye aliandika wazi kwamba alikosa njia na kutua kwa nguvu, na katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986 akaeleza kwamba wakubwa walimpa mahali pasipo sahihi. Simhukumu. Wakati wa vita wasomaji wa Marekani walitaka risasi, na mtu aliyetunguliwa hupendeza kuliko mtu aliyepotea. Lakini nilipokisoma kisa hiki nilijitambua. Ajali ina pupa ya kupata sababu nzuri. Ukiipa, inaishika, na itakuchukua miaka kuinyang'anya.

Mimi ilinichukua siku tatu. Nilikuwa ninalala kwa mjomba wangu Kibera, na njia yangu ya asubuhi ilipita karibu na kibanda cha chai ambapo mafundi walizoea kunywa. Siku ya tatu nilimkuta Fundi pale, saa mbili asubuhi, amevaa nguo zake za kazi. Hakuwa na kazi, lakini alikuwa amevaa. Nadhani nyumbani hawakujua. Sikunywa chai. Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wangu, nikamwomba karatasi nyingine.

Sitapamba yaliyofuata. Mwenye shule alikasirika kuliko siku ya ajali, na alikuwa na haki. Nilibebeshwa sehemu ya gharama. Fedha za baba zilizobaki zikaishia hapo, na mafunzo yangu yakasimama. Nilikwenda Taita kumwambia baba ana kwa ana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama yule fundi amerudishwa kazini. Nikasema amerudishwa. Akasema, "Basi kalipe deni." Nilipata ukarani katika kampuni ya kupakua mizigo, nikalipa kwa miezi 14.

Kabla ya kuondoka Wilson nilikwenda bandani kumwomba Fundi radhi. Alinisikiliza huku akipangusa mikono kwa tambara. Kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu." Akatoa chini ya meza ule mguu wa gurudumu uliokatika, akaugeuza kwenye mwanga.

"Ufa wa zamani huwa na giza," akasema. "Umeshaingia mafuta na uchafu. Sasa tazama huu. Wote unang'aa. Umekatika siku moja, kwa pigo moja. Ulikuwa mzima."

"Kwa hiyo ulijua, Mzee?"

"Nilijua tangu asubuhi ile ile."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Lakini karatasi yako ilikuwa imekwisha kufika mezani, na wewe ndiye uliyekuwa ndani ya ndege."

Hakuniambia kwamba amenisamehe. Akaurudisha mguu chini ya meza, akaendelea na kazi.

Nimefikiri sana juu ya maneno yale. Mwaka 1951 shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilipitisha kanuni za uchunguzi wa ajali, zinazoitwa Kiambatisho cha 13, na leo hii zinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba si kazi yake kugawa lawama. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mpango chini ya NASA, ambapo rubani, fundi au mwongozaji wa ndege huripoti kosa lake na jina lake likafichwa. Uingereza ikafuata na mpango wake mwaka 1982. Waliobuni mambo haya hawakuwa watu wenye huruma kupita kiasi. Waliona tu kwamba mtu akijua ukweli utamnyang'anya ng'ombe, ataandika upepo. Na ukiandikwa upepo, mtu atatengeneza gurudumu ambalo halikuharibika, fundi mwema atarudishwa nyumbani, na mwanafunzi mwingine atakuja na kasi ile ile.

Lakini kanuni peke yake haiwezi kushika kalamu. Mkataba wangu ulikuwa mkali, naam, na ningependa mikataba ya namna hiyo isiwepo. Hata hivyo mkataba haukuniambia nimtaje Fundi. Hilo nililiongeza mwenyewe. Na nikitazama nyuma naona kwamba kosa la ofisini lilikuwa ndugu wa kosa la uwanjani. Kule juu ya lami niliiona sindano, nikaona haya kupaa upya. Mbele ya karatasi niliuona ukweli, nikaona haya vilevile. Mara zote mbili nilisukuma chini kitu ambacho hakikuwa tayari kutua.

Nilirudi Wilson mwaka 1985, na mwaka uliofuata nikapata leseni. Nilirusha ndege ndogo miaka michache, kisha nikahamia kazi ya ofisi, bila sifa kubwa. Siku ya mtihani wangu ndege iliruka kidogo ilipogusa lami. Mkono wangu ulikwenda mbele wenyewe, ukafungua injini yote, nikapaa, nikazunguka uwanja mzima mbele ya macho ya kila mtu, nikarudi kutua. Mtahini hakusema neno, akaandika kitu kidogo katika karatasi yake. Fundi alikuwa mlangoni pa banda akinywa chai.

Nakala ya maelezo yangu ya pili ninayo mpaka leo, na karatasi imegeuka rangi. Ina sentensi tano tu. Ya tatu inasema: "Niliona kwamba mwendo umezidi, nikaendelea."